Mtutu wa Dada Thora

Kila asubuhi, kabla kahawa haijachemka, Orrin Kvale aliingia karakana akiwa bado na soksi tu miguuni, akachukua mtutu wowote wa bunduki uliokuwa karibu, akasukumia ndani yake ufito wa chuma uliofungwa kitambaa kilichobana mwishoni. Hakuwa anausafisha. Alitaka kuusikia ufito ukizunguka kiganjani. Mtutu hauko laini ndani. Umechongwa mifereji inayojiviringa kama skrubu, na ufito ukipita huifuata mifereji hiyo, ukageuka polepole bila kugeuzwa na mtu. Orrin aliuachia ugeuke, macho ameyafumba, kisha akatamka peke yake, "Kumi," au "Kumi na mbili," yaani inchi ambazo ufito unasafiri mpaka ukamilishe mzunguko mmoja. Halafu ndipo alipochukua rula kupima. Siku nyingi alipatia, akaenda kunywa kahawa yake akiwa ametulia.

Siku alizokosea hakumwambia mtu. Miaka hii ya karibuni zilikuwa zinaongezeka.

Waliishi wawili, yeye na dada yake Thora, katika nyumba ya baba yao pale Kessel Creek, juu kabisa milimani Montana, mahali ambapo theluji inafika watoto hawajazoea hata madawati yao mapya. Karakana aliianzisha baba yao, mzee Halvor, kwa mashine aliyoinunua wakati serikali ilipoifunga kambi moja ya silaha baada ya vita. Mashine ile inachonga mfereji mmoja mmoja, kila inapopita inakwangua unene usiofika hata unywele, na mtutu mmoja unakula siku nzima ya mtu. Orrin aliikuta, akakua nayo, akazeekea hapo hapo. Aliwahi kuoa. Mke wake Lavonne alivumilia majira mawili ya baridi, kisha akahamia Spokane, akaacha maneno kwamba hawezi kugombania mume na chuma.

Thora hakuolewa. Mama yao alipofariki yeye alikuwa msichana wa kutosha kupika, na Orrin alikuwa mtoto wa kutosha kulia, basi akamlea. Baadaye aliendesha basi la shule mpaka magoti yakamkatalia ngazi za basi. Alikuwa mwanamke wa maneno machache na mkono mtulivu, na hakuna mtu pale mjini aliyebisha kwamba kati ya ndugu wale wawili mpiga shabaha ni dada.

Huko kwao kila masika watu hupeleka majina yao kwenye kura ya kibali cha kondoo dume wa porini, yule mwenye pembe zilizojikunja mpaka zikarudi kwenye mashavu. Vibali ni vichache na majina ni mengi kama mvua. Mzee Halvor alipeleka jina lake maisha yake yote, akafa bila kupata. Thora naye alianza kupeleka la kwake akiwa msichana, na kila mwaka jibu lilikuwa hilo hilo, mpaka watu wakaona ni kama kwenda kanisani Pasaka: unakwenda kwa kuwa umezoea.

Mwaka huo kura ikamwangukia.

Aliingia karakana akaketi kwenye kigoda, akangoja mpaka Orrin aizime mashine.

"Nimepata," akasema.

"Umepata nini?"

"Mtu wa umri wangu anapata nini tena, Orrin? Ama ugonjwa, ama kondoo. Mimi nimepata kondoo."

Orrin alifuta mikono kwa kitambaa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Alijua kama wote walivyojua kwamba aliyepata mara moja hukaa miaka mingi kabla ya kuruhusiwa hata kuomba tena, na kwa Thora, na magoti yale, hiyo ilikuwa sawa na kusema kamwe. Ilikuwa mara moja tu. Nafasi ya baba yao na ya Thora, zote zilikuwa ndani ya mara hiyo moja.

Pale mkahawani maneno yalikuwa hayo hayo wiki nzima. Jirani yao Lyle Brekke, mfugaji wa ng'ombe mwenye mdomo usiofungwa, alimwambia Thora mbele za watu kwamba yeye ndiye atakayembebea nyama. "Magoti yako yakigoma, dada, nitakubeba wewe mgongoni. Lakini pembe utabeba mwenyewe, mimi si punda wa watu wawili." Thora akamjibu kwamba mgongo ule aliuona ukishindwa kubeba gunia la viazi. Watu wakacheka, hata Orrin akacheka, naye si mchekaji.

Kisha Thora akamwomba mdogo wake jambo moja. Bunduki yake ilikuwa imechoka mtutu, na hakutaka mtutu wa kiwandani. Alitaka wa mkono wa Orrin. Na risasi atakazotumia ziwe za shaba tupu. Hilo hakulijadili na mtu, kwa sababu miaka michache nyuma aliokota tai kando ya barabara, hajavunjika bawa, hana jeraha, kichwa tu kimelegea kama cha mlevi, akamfia kwenye kiti cha basi. Wakamwambia ndege yule alikula matumbo ya mnyama yaliyoachwa na mwindaji, akameza vipande vya madini ya risasi, yale mazito yenye sumu, vilivyobaki ndani. Tangu siku hiyo risasi za zamani hazikuingia tena kwenye bunduki ya Thora.

Orrin alifurahi kuombwa kuliko alivyoonyesha. Akaziagiza risasi za shaba, zilipofika akaziweka moja moja kwenye mizani. Zilikuwa na uzito ule ule wa risasi za zamani alizozijua, zile ambazo mitutu yake ya inchi kumi ilikuwa inazirusha bila shida tangu enzi za baba yake. Akazisimamisha mezani kwenye mstari, ya zamani kando ya mpya. Hapo ndipo akaona. Shaba ni nyepesi kuliko yale madini ya zamani, kwa hiyo ili ifikie uzito ule ule imebidi irefushwe. Ya shaba ilikuwa imeizidi ile ya zamani kichwa kizima, nyembamba na ndefu kama penseli iliyochongwa.

Na risasi ni kama pia ya kuchezea ya mtoto. Ikizunguka kwa kasi ya kutosha inasimama wima na kwenda ilikoelekezwa. Ikizunguka polepole inayumba, kisha inalala. Kadiri inavyozidi kuwa ndefu ndivyo inavyotaka mzunguko wa kasi zaidi. Orrin aliijua kazi hiyo. Ile penseli ya shaba ilitaka mzunguko mmoja kwa inchi nane. Mashine yake ilikuwa imefungwa kwenye kumi.

Kuitoa kwenye kumi kulikuwa na jambo lake. Ubavuni mwa mashine kuna mtaimbo wa chuma uliolazwa mshazari, na mshazari huo ndio unaoamua mfereji ujiviringe kiasi gani. Ukitaka kubadilisha, unaulegeza, unausogeza, unachonga mtutu wa majaribio, unapima, unausogeza tena, unachonga tena. Mara ya mwisho Orrin alipoulegeza alitumia sehemu kubwa ya majira ya baridi kuurudisha mahali pake, na mitutu iliyoharibika aliizika nyuma ya nyumba Thora alipokuwa kanisani. Mikono ilikuwa imeanza kumtetemeka. Macho nayo, mistari midogo ya rula ilikuwa inaogelea. Alisimama mbele ya ule mtaimbo na spana mkononi siku nzima nzuri ya Julai, akaigusa nati, akaiacha. Akaigusa tena.

Mwishoni akajiambia kumi itatosha. Itakuwa ukingoni, lakini itatosha. Akaweka spana ukutani na kuanza kuchonga.

Agosti walikwenda kuujaribu kwenye machimbo ya zamani ya kokoto juu ya mji. Jua lilikuwa kali, mawe yanaunguza, hewa imekuwa nyepesi kama huko juu inavyokuwa. Thora alilala juu ya blanketi, akapiga mara tatu bila haraka. Walipokwenda kuangalia, matundu matatu yalikuwa yanagusana, unaweza kuyafunika kwa kitufe cha koti. Lyle aliyekuwa amekuja kutazama akavua kofia. Akasema kama Orrin angekuwa mwanamke angemposa pale pale kwenye kokoto. Thora alimshika mdogo wake bega akaliminya, kama alivyokuwa akifanya zamani Orrin akifaulu hesabu.

Orrin aliitazama karatasi ile yenye matundu, na kitu kikamwambia, subiri siku ya baridi, jaribu tena. Hewa ya baridi ni nzito. Na kule watakakowinda ni chini, bondeni kwa mto mkubwa, hewa yake nzito zaidi ya hii. Risasi iliyosimama wima kwa shida hapa itakutana na nini kule? Lakini bega lilikuwa bado na joto la mkono wa dada yake. Akaikunja karatasi akaitia mfukoni.

Thora aliamua kungoja mpaka mwisho wa Novemba, kwa sababu ya magoti. Wakati huo madume huwa wameteremka kufuata majike, hawako tena kwenye majabali ya juu. Wakaenda watatu kwa pikapu ya Lyle, siku nzima barabarani, mpaka kwenye yale makorongo ya udongo mkavu yanayoteremkia mto Missouri. Wakasimamisha hema la turubai, wakafunga jiko la kuni ndani, Thora akapika supu ya kulungu na kuchoma chapati za viazi alizofundishwa na bibi yao Mnorwei. Baridi ilikuwa ya kushika pua. Ukitema mate unayasikia yakidondoka.

Siku ya pili walimwona. Alikuwa kwenye kilima kidogo chenye nyasi za manjano, majike wanne wako chini yake, pembe zimekamilisha duara na ncha zimesagika kwa mapigano. Mahali pazuri, upepo unawajia usoni, umbali ambao Thora alikuwa ameupiga maelfu ya mara. Aliweka bunduki juu ya mkoba, akalala kwenye theluji, akatulia mpaka mvuke wa pumzi yake ukapungua. Orrin alikuwa nyuma yake ameshika darubini.

Thora akapiga. Yule dume akainua kichwa na kutazama upande mwingine, kama aliyeitwa na mtu. Hapakuwa na kitu, hata vumbi halikuonekana lilikopanda. Thora akaingiza risasi nyingine, akashusha pumzi, akapiga. Safari hii Orrin aliona mwili ukijikunja nyuma, karibu na paja, mahali ambapo dada yake hajawahi kumpiga mnyama tangu azaliwe. Kondoo akayumba, akageuka, akashuka ng'ambo ya kilima.

Walimfuata. Damu ilikuwa kidogo, na yenye uchafu wa tumbo ndani yake. Iliwapeleka korongo moja, ikawatoa, ikawaingiza jingine, kisha upepo ukaanza kusukuma theluji kavu chini chini, na alama zikafutika mbele ya macho yao. Thora alipanda na kushuka kwa magoti yale mpaka Lyle akamshika mkono. Wakarudi kambini. Kesho yake wakatafuta tena kuanzia kulipopambazuka. Kunguru tu.

Alasiri hiyo Lyle, kwa nia njema, akasema pengine darubini ya bunduki iligongwa njiani, hebu waijaribu. Akachukua boksi la biskuti, akalichora msalaba kwa makaa, akaliweka mbali kidogo ya kambi. Thora hakutaka kuigusa bunduki. Alikuwa amekaa mlangoni mwa hema anaitazama mikono yake, anaigeuza viganja juu, viganja chini. Orrin akapiga yeye.

Walipofika kwenye boksi Lyle ndiye aliyeinama kwanza. Tundu halikuwa duara. Lilikuwa refu, lenye ncha upande mmoja na kitako upande wa pili, umbo zima la risasi iliyoingia kwa ubavu, kama mtu aliyelala. Lyle alimwangalia Orrin, kisha akasema anakwenda kupasua kuni, ingawa kuni zilikuwa zimepasuliwa.

Orrin alilibeba boksi mpaka kwa dada yake. Hakujua kwa nini alilibeba. Angeweza kulitia motoni.

"Ni darubini?" Thora akauliza bila kuinua macho.

"Siyo."

"Basi ni mimi. Nilijua. Mikono imekwisha."

Hapo palikuwa na mlango ulio wazi, angepita tu. Angenyamaza, na dada yake angerudi nyumbani akiamini hivyo mpaka kaburini. Orrin aliyasikia maneno yakitoka kabla hajayaamua.

"Si mikono yako, dada. Ni mtutu. Mzunguko hautoshi. Risasi inalala hewani."

Thora akachukua boksi, akaingiza kidole kwenye lile tundu, akakizungusha kando kando ya ukingo wake.

"Na kule kwenye kokoto?"

"Kulikuwa na joto. Na juu. Hewa nyepesi. Hapa ni..."

"Ulijua?"

"Niliona ni ndefu. Nilitakiwa kuulegeza ule mtaimbo. Niliogopa nisije nikashindwa kuurudisha."

Thora alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayesikia habari za watu wengine. "Tumekula meza moja tangu Julai," akasema. "Asubuhi, mchana, jioni. Ungeniambia tu, Orrin, mashine imenishinda. Ningenunua wa kiwandani, nisingekuona vibaya. Nilikulea mimi, aibu gani ya kunificha mimi?"

Kisha akatoa kisu kidogo mfukoni, akachukua kibali chake kwenye mkoba wa plastiki.

Sheria haikumlazimisha. Lakini kwao mtu aliyemjeruhi mnyama akampoteza huhesabu kwamba amemuua, anakata tarehe kwenye kibali chake, ishara kwamba kimetumika, na anarudi nyumbani, na asiyefanya hivyo husalimiwa kwa mbali mpaka afe. Baba yao aliwafundisha hivyo hata kabla ya kuwafundisha kupiga. Orrin alijua kisu kile ni cha nini, akapiga magoti kwenye theluji.

Akamsihi. Akamwambia bunduki ya Lyle ipo, ni nzuri, inalenga sawasawa, zimebaki siku kabla ya msimu kufungwa, madume wengine wapo. Akamwambia kosa si lake, kwa hiyo kondoo yule si wake, ni wa yeye Orrin, amhesabie yeye. Lyle naye akaja na shoka mkononi akasema hivyo hivyo, bila mzaha hata kidogo.

"Kondoo wangu nimeshamuua," Thora akasema. "Nilichokosa ni kujua alipo."

Akakata pembe ya karatasi palipoandikwa mwezi, akakata palipoandikwa siku. Vipande viwili vidogo vikaangukia theluji. Akaingia ndani kukoroga supu. Hakupandisha sauti, hakulia, na walipokula alimpakulia mdogo wake kwanza kama siku zote. Orrin alikishika kijiko, supu ikapoa mbele yake. Angeona nafuu kama angetukanwa.

Asubuhi mbingu ilikuwa imeshuka, ya kijivu, imekaa juu ya makorongo kama kifuniko cha sufuria. Lyle alikuwa anakwangua barafu kwenye vioo vya pikapu. Akasema theluji kubwa inakuja, saa nne wawe wameshafunga kambi, la sivyo barabara ile ya udongo haitawatoa mpaka Krismasi.

Orrin akamwambia anakwenda kuangalia tena, mara moja, korongo la mwisho upande wa mto, lile ambalo hawakulishuka. Kibali kimeshakatwa, mnyama akipatikana, hata kama amekufa, pembe ni za Thora kihalali, hakuna wa kumnyang'anya.

"Mzee, mbweha wameshamaliza kazi," Lyle akasema. "Na wewe huoni vizuri. Panda gari."

"Pembe mbweha hawali."

Lyle akatazama hemani, akingoja Thora amkataze. Thora alikuwa ameamka. Walisikia mlango wa jiko ukifunguliwa, gogo likiingizwa, mlango ukifungwa. Hakutoka. Labda alidhani ndugu yake anazunguka tu kambini, labda aliyasikia yote. Orrin naye alisimama kidogo akisikiliza upande ule, kama atasikia jina lake likiitwa. Halikuitwa.

Akavuta kofia masikioni. Bunduki hakuichukua, wala fimbo. Alishika njia ya kulungu iliyoteremka kati ya vichaka vilivyoganda, akiinama kila alipoona doa jeusi kwenye theluji, likawa jiwe, akaenda mbele, likawa kinyesi, akaenda mbele. Chembe za kwanza zilikuwa zimeanza kuanguka, ndogo, kavu, zinakuja ubavuni. Lyle alimwona akifika kwenye mdomo wa korongo lile, akiushikilia mti mmoja uliokauka ili ashushe mguu, kisha yakazama mabega, kisha kofia.

Lyle alipiga honi mpaka saa nne ikapita na betri ikalegea. Orrin hakurudi.